Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Tamasha la Cambridge

Lushoto, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mama yako na za bibi, sote huku hatujambo. Shangazi yako ameniarifu kwamba mwezi huu wa Machi atakupeleka pamoja na wanawe kwenye tamasha la Chuo Kikuu cha Cambridge, nami nimefurahi kiasi cha kuona nikuandikie kabla hamjaenda.

Tamasha hilo limetokana na tamasha la sayansi lililoanza mwaka 1994, na shughuli zake nyingi hazina kiingilio. Nalithamini sana jambo hilo, kwa kuwa mzazi mwenye watoto wengi halazimiki kuchagua yupi aende na yupi abaki. Msiache kufika Makumbusho ya Zoolojia, mwone mifupa ya nyangumi mwenye urefu wa mita 21 hivi, aliyekwama ufukweni Pevensey mwaka 1865.

Ninalokuomba hasa, hata hivyo, ni kuuliza. Hapa kwetu Lushoto, mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye jokofu, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, kwa nini maji ya moto huganda kabla ya yale yasiyo ya moto sana. Wenzake walimcheka, lakini mgeni aliahidi kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Kisa hicho kiliendelea hadi kwenye mji unaoishi wewe. Mwaka 2016 Henry Burridge wa Imperial College London na Paul Linden wa Cambridge walitoa vipimo vyao, wakasema hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kugeuza matokeo. Wako wataalamu wasiokubaliana nao. Kwangu mimi hilo halimpunguzii Mpemba heshima hata kidogo, kwani swali alilouliza akiwa mwanafunzi lilikuwa bado linawashughulisha wanafizikia zaidi ya miaka 50 baadaye.

Basi ukimpata mwanafizikia, mwamkie kwa adabu, muulize yeye anaonaje, na akikwambia amewahi kujaribu, muulize kipimajoto alikiweka wapi. Usione haya kwa sababu ya umri wako wala kwa sababu ya Kiingereza chako, maana watu hao wamekuja siku hiyo kwa ajili ya kuulizwa.

Mkumbushe shangazi kwamba baadhi ya vipindi huhitaji kuwekewa nafasi mapema, na usiachane na wadogo zako penye msongamano. Niandikie majibu utakayopewa, hata yale usiyoyaelewa.

Akupendaye,
Baba yako