Mdogo wangu, usipande basi na hasira hiyo

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Umesema Desemba ukifika nyumbani utaanza na baba mdogo kabla hujatua begi. Nakujibu hadharani bila kukutaja jina, maana wapo wengi wanaopanda mabasi ya Moshi mwisho wa mwaka na ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, vifuani.

Una haki ya kukasirika. Masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, aliyopanda marehemu baba yameng'olewa, na hatua mbili ndani ya upande wetu imesimama migomba michanga isiyo yetu, samadi bado mbichi mashinani. Nimeiona kwa macho yangu. Mkristo hakuitwa kujifanya haoni.

Lakini soma 1 Samweli sura ya 24 na ya 25 kwa mkupuo mmoja. Katika pango la Engedi, Daudi anampata mfalme Sauli anayemwinda amuue, anakata upindo wa vazi lake tu, anamwacha aende zake. Sura inayofuata, Daudi huyo huyo anadharauliwa na Nabali, tajiri wa kondoo 3,000, ambaye wachungaji wake walilindwa nyikani na vijana wa Daudi. "Daudi ni nani?" Basi. Kwa neno hilo watu 400 wanajifunga panga kwenda kuua kila mwanamume wa nyumba ile.

Hapo ndipo ninapokuhofia. Ugonjwa wa baba uliuvumilia, kukosa kazi ukakuvumilia, na sikukusikia ukinung'unika. Kinachokuchoma sasa, nadhani, hata si hizo hatua mbili. Ni lile neno la kwenye kikao cha ukoo, kwamba sisi watoto wa mjini hatuna cha kudai.

Abigaili, mke wa Nabali, alipomkuta Daudi njiani, na punda waliobeba mikate, bisi na zabibu kavu, hakumwambia kwamba Nabali ana haki. Alimwomba asijibebeshe damu itakayomsumbua moyoni siku atakapotawala. Na Daudi akakubali kuzuiwa, mbele ya watu wake wenye silaha, na mwanamke asiyemjua. Hilo hunigusa kila nilisomapo. Tunadhani kujitawala ni mtu kukaza meno peke yake chumbani. Mara nyingi Roho Mtakatifu hutushika kwa mkono wa mtu mwingine. Niruhusu basi mimi dada yako nikushike.

Usiandike tena usiku kwenye kundi la ukoo. Ule ujumbe ulioufuta, watu walishausoma. Kila asubuhi mwombee baba mdogo, umtaje kwa jina. Itakuuma. Mimi nimeanza, na siku nyingine sala haivuki sentensi moja, lakini nimeona siwezi kumtukana mchana mtu niliyemwombea alfajiri.

Nimeongea na mzee wa kanisa. Amekubali tukae na baba mdogo tarehe 27 Desemba, pamoja na majirani wawili waliokuwepo baba alipopanda yale masale. Tusipoelewana tutakwenda Baraza la Kata, na hilo si kukosa uvumilivu. Ni kudai haki bila kumwaga damu wala matusi.

Mzee aliniuliza jambo moja: baba mdogo akija na jani la sale mkononi kuomba msamaha, mtalipokea? Kwa upande wangu nimejibu ndiyo. Kwa upande wako sikuweza kujibu. Nipigie kabla hujakata tiketi.

Dada yako