Salamu za Pasaka kwa Ukoo na Marafiki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Kwa niaba ya Mama na ukoo mzima nawasalimu nyote, mlioko Moshi, Dar es Salaam, Mwanza na mlioko ng'ambo. Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha Kwaresima salama. Mwaka umekuwa mgumu. Mchele, mafuta ya kula, nauli, vyote vimepanda, na nyumba nyingi watoto watakwenda ibadani na nguo za Krismasi. Mungu awatie nguvu wazazi wote.

Kwetu pengo kubwa ni la mdogo wetu. Hii ni Pasaka ya kwanza kwaya inaimba bila besi yake. Mnaikumbuka Jumapili aliyorudi kundini, alivyosimama mbele ya madhabahu na shati alilopigiwa pasi na Mama, mikono ikimtetemeka, mchungaji akamtangazia ondoleo la dhambi. Pombe aliiacha kweli. Lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Siku ya msiba, chini ya turubai, nilimsikia mtu akiuliza, "Kama alisamehewa, mbona Mungu hakumponya?" Siku ile nilikuwa na uchungu mno, sikujibu. Leo nijibu, kwa upendo.

Mfalme Daudi alipokiri uzinzi wake na Bathsheba, nabii Nathani alimwambia palepale, "Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Msamaha ukawa umetolewa, wala haukurudishwa nyuma. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa kwa uzinzi ule alifariki, na baadaye Daudi akamlilia mwanawe Absalomu aliyeuawa. Na tazameni Ijumaa Kuu yenyewe. Yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu aliahidiwa pepo siku ileile, lakini hakushushwa msalabani. Askari walimvunja miguu kama mwenzake. Aliyesamehewa na Yesu mwenyewe, kwa kinywa chake, alikufa kifo alichohukumiwa. Nani atathubutu kusema hakusamehewa?

Ndiyo maana nasema mdogo wetu alikufa mtu aliyesamehewa. Ugonjwa ulikuwa matunda ya miaka ile. Haukuwa hasira ya Mungu juu ya mtu aliyetubu. Na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Ile cherehani ya Mama aliyoiuza enzi za ulevi, hakusema damu ya Yesu imeshafuta deni. Alibeba matofali kwenye vibarua, mgonjwa vile, hadi akanunua nyingine. Ndiyo hiyo Mama anashonea sare za kwaya hadi leo. Namkumbuka mno, jamani. Kuna siku nashika simu nimpigie.

Basi, ndugu zangu, tusidanganyike, Mungu hadhihakiwi. Tusiugeuze msamaha kuwa kichaka cha kujificha. Umetubu uzinzi? Mshukuru Mungu, na yule mtoto anayekuita baba umlipie ada. Ulikula pesa za kikundi? Zirudishe, hata kidogo kidogo, kama Zakayo, yule mtoza ushuru, aliyeahidi kurudisha mara nne bila kuulizwa. Vijana, msiseme nitatubu nikizeeka. Mungu atakupokea, ndiyo, lakini mwili, ndoa na jina ulivyoviharibu huenda usivipate tena kama vilivyokuwa. Na wewe uliyetubu lakini bado unaumwa, bado unalipa, bado watu wanakunyooshea kidole, usikubali mtu akuambie umelaaniwa. Kaburi liko wazi! Beba ulichonacho ukijua deni lako mbele za Mungu limelipwa lote, na njoo mezani pa Bwana bila woga.

Jumatatu ya Pasaka tutakuwa na ibada fupi nyumbani kwa Mama, saa nne asubuhi, kisha tutakwenda makaburini kuweka maua. Shemeji na watoto watakuwepo. Anayeweza kufika, karibu sana. Aliye mbali, tuombeane.

Nawatakia Pasaka njema, yenye amani, afya na baraka tele.