Jumamosi: kugeuza atlasi ya uso wa ubongo kuwa vokseli (vijisanduku vinavyounda picha ya 3D)

Hamjambo wote. Jumamosi tunakutana palepale Ngara, saa nne kamili asubuhi. Njooni na chaja, na picha za mazoezi mzipakue mapema. Ni nzito mno kwa bando la simu.

Kazi ni ile iliyotukwamisha wiki jana: kuchukua atlasi ya Glasser ya 2016, ramani yenye maeneo 180 kila upande wa ubongo, na kuyapata kama vokseli ndani ya FreeSurfer, programu ya kuchambua picha za MRI za ubongo. Kwanza tunaihamisha kutoka fsaverage (ubongo wa wastani wa FreeSurfer) hadi uso wa ubongo wa mhusika kwa amri ya mri_surf2surf, ndipo tuingie mri_label2vol, amri inayogeuza maeneo hayo kuwa vokseli. Hapo ndipo penye shughuli. Ukisahau kuongeza --proj frac 0 1 0.1 kwenye amri hiyo, unapata utando mwembamba wenye matundu kama chekeche. Nimeuona kwenye skrini tatu. Ukiiweka, programu inapanda hatua kwa hatua kutoka mpaka wa maada nyeupe hadi uso wa nje, ikijaza unene wote wa gamba la ubongo.

Nawasihi, msihesabu chochote kabla ya kufungua freeview, kitazamaji cha picha cha FreeSurfer, na kuweka matokeo juu ya picha ya T1 (MRI inayoonyesha umbile la ubongo) ya mtu yuleyule.

Ambaye hajapata faili ya leseni ya FreeSurfer aniandikie leo.