Baba Rehema, kuhusu Mzee Sitta

Kaka yangu Baba Rehema,

Mwangaluka! Huku Tabora hatujambo, maembe yameanza kuanguka na watoto hawakai ndani kabisa. Najua nimekaa kimya sana, msimu wa tumbaku unaujua ulivyo, ila ile meseji yako ya juzi imenikaa rohoni mpaka nimeona nikuandikie vizuri. Umeandika "Sitta wenu ndo aliyeua katiba mpya" ukaishia hapo, yaani Mzee Samuel Sitta wetu, aliyekuwa spika wa Bunge 2005 mpaka 2010. Aisee umenigusa. Sisemi umedanganya, lakini umechukua miezi michache ya mtu ukaifanya ndo maisha yake yote.

Hivi Februari 2008 umeisahau? Pale kijiweni Kanyenye, muuza kahawa kashika dele lake hammiminii mtu, shingo zote kwenye ile tivii ndogo ya dukani, Lowassa kasimama bungeni anasema amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Waziri mkuu! Kwa ripoti ya wabunge! Ule mkataba wa Richmond wa 2006, umeme wa dharura megawati 100, kamati ya bunge ya Mwakyembe ikachimbua mpaka chini, na mmoja wa wale watano alikuwa Selelii wa Nzega, mtu wa huku huku kwetu. Mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakaachia ngazi, baraza zima la mawaziri likavunjwa. Sasa nani alikuwa amekalia kile kiti akaacha ripoti isomwe yote mbele ya nchi nzima? Mi naamini kabisa spika mwingine angeipokea akaifungia kabatini, na sisi tungeambiwa serikali inalifanyia kazi. Na kumbuka mzee mwenyewe ni CCM, waziri mkuu ni wa chama chake.

Na alilipa. 2009 halmashauri kuu ya chama ilimweka kitimoto kule Dodoma, halafu 2010 ikaamuliwa zamu hii spika awe mwanamke, akaingia mama Makinda. Sina ugomvi na mama Makinda, lakini wewe na mimi tunajua kiti kile kilikuwa kimeanza kuwachoma watu.

Usidhani nambeba kwa sababu ni wa Urambo. La Zitto Kabwe nalikumbuka, Agosti 2007, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini anauliza kuhusu mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, anasimamishwa bunge, na Sitta ndo spika. Shemeji yako unajua ni Muha wa Kasulu, nikianza tu kumsifia mzee ananikata kauli na hilo, na hapo huwa sina jibu maana ana haki.

Kwa hiyo 2014, kaka. Hapo ndo panaponiuma na ndo maana meseji yako imenikosesha raha. Wakamchagua mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba mwezi wa tatu, Samia akawa makamu wake. Rasimu ya tume ya Jaji Warioba mezani, serikali tatu, maoni ya wananchi kabisa. UKAWA, wale wapinzani walioungana, wakatoka Aprili. Pale ndo nilimsubiri. Mwanasheria yule, mtu aliyeijua kanuni kama anavyoijua njia ya kwenda kwake Urambo, nilisema moyoni huyu atasimama aseme katiba haiandikwi na upande mmoja, tuahirishe tukazungumze kwanza. Hakusema. Agosti wakarudi wakaendelea bila wenzao, ikapigwa kura, wengine wakipigia nje ya nchi, tarehe 2 Oktoba ikatangazwa theluthi mbili imepatikana, shangwe ukumbini. Kura ya maoni ilikuwa iwe Aprili 2015, ikaahirishwa, na katiba tuliyonayo ni ile ile ya 1977.

Angekuwa mtu wa kawaida nisingeumia hivi. Kilichoisukuma ile katiba iliyopendekezwa mpaka ikapita bungeni ni uwezo ule ule uliomfanya asitikisike kwenye Richmond. Ndo maana nakuomba usiseme aliua katiba ukaishia hapo, sema vyote viwili, maana ukitaja kimoja tu unamdhulumu mzee au unadhulumu nchi.

Sasa nina ombi. Mtoto wa dada yuko form six, shuleni wana mdahalo kuhusu bunge na serikali, kaja kuniuliza, mjomba, Sitta alikuwa nani hasa? Mtoto wa Tabora ananiuliza hivyo! Anamjua kama mume wa mama Margaret basi. Nikaanza kumweleza, mbunge wa Urambo toka 1975, waziri wa sheria, akaenda kuongoza kituo cha uwekezaji, akarudi bungeni 2005 akamshinda Msekwa kwenye uspika, halafu waziri wa Afrika Mashariki, halafu Januari 2015 wakabadilishana wizara na Mwakyembe, Mwakyembe yule yule, yeye akaenda uchukuzi, mwaka huo huo treni ya deluxe ya Kigoma ikaanza. Akataka urais, akapata Magufuli. Novemba 2016 akafia Ujerumani, wakamleta kumzika Urambo. Dogo anaandika tu, ila maneno yangu matupu hayatoshi, anataka kitu cha kuonyesha. Lile sanduku la magazeti la mzee wako bado lipo? Tafuta ya wiki ile ya Februari 2008, piga picha kurasa za mbele unirushie wasap. Magazeti yenyewe usimpe konda tafadhali, unajua yule wa Isevya alivyopoteza vyeti vyake. Ukikuta na ya Oktoba 2014 piga pia, dogo aone yote.

Halafu nijibu kwa barua kama hii, sio mstari mmoja. Unadhani wangemwacha spika 2010, lile la katiba lingekwenda vile? Na wale waliokaa pembeni yake Dodoma 2014, mbona lawama zote tunampa yeye aliyekufa? Huko kwenu watu bado wanazungumzia katiba au wamechoka? Mzee goti linaendeleaje, ile dawa ya mwalimu imemsaidia? Rehema kapangiwa chuo gani? Na mnakuja Desemba au ndo mpaka Pasaka tena?

Ndugu yako wa Tabora