Malalamiko kuhusu toleo jipya la tango "Garúa" ya mwaka 1943

Kwa Meneja,
Idara ya Matoleo ya Rekodi za Kale.

YAH: KUTAKA CD YA OKESTRA YA ANÍBAL TROILO IREKEBISHWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunalalamikia CD yenu ya okestra ya Aníbal Troilo, iliyopiga tango, muziki wa dansi wa Argentina, hasa wimbo wa 7, "Garúa". Neno hilo la Kihispania maana yake manyunyu. Katika wimbo huo mtu aliyeachwa na mpenzi anatangatanga usiku, analowa, hana pa kwenda. Okestra inatembea naye polepole. Kwenye CD yenu mtu huyo anakimbia.

Kasi ndiyo kosa kubwa. Ukipima kwa tyuna, kifaa cha kupimia kimo cha noti, noti ya La ya piano, ambayo ingepaswa kuwa karibu na hezi 440, inasoma 457. Hiyo ni asilimia 4 zaidi, kana kwamba santuri mliyoinakili ilizungushwa mara 81 kwa dakika badala ya 78. Wimbo wa dakika 3 unapoteza sekunde 7, na sauti ya mwimbaji, Francisco Fiorentino, inageuka nyembamba kama ya kijana. Msitujibu kwamba okestra ilipiga ufunguo wa juu zaidi. Ingekuwa nusu toni kamili, La ingeonekana kuwa 466 na hoja hiyo ingekuwa na nafasi. 457 imeangukia katikati, na wanamuziki hawapigi katikati ya funguo. Aidha sauti inapanda na kushuka kidogo kila baada ya sekunde 0.74, ambao ni muda wa mzunguko mmoja wa santuri kwa kasi hiyo ya 81. Maana yake santuri haikukaa sawasawa, tundu lake halikuwa katikati. Dawa yake ni kuisogeza kwa mkono mpaka mkono wa sindano uache kuyumba, ndipo urekodi.

Mchakacho nao una chanzo chake. Mifereji ya santuri za 78 ni mipana, inahitaji sindano ya mikroni 65 hadi 90. Ya LP, santuri za baadaye zenye mifereji myembamba, ni kama 18 hadi 25, kwa hiyo inazama hadi chini ya mfereji na kukwangua vumbi lililolala humo. Inaelekea ndivyo ilivyofanyika, na tena kwa marekebisho ya sauti ya RIAA (chama cha kampuni za rekodi cha Marekani), ambayo yalikuja miaka ya 1950 na hupunguza sauti za hezi 10,000 kwa takriban desibeli 14. Santuri ya 1943 haikukatwa kwa mpango huo. Fidla zimefunikwa blanketi.

Kisha mkapitisha chujio kali juu ya yote. Limeondoa mchakacho, sawa, lakini limeondoka na pumzi ya bandoneoni, ala ya tango inayofanana na kodiani, ule mvuto wa hewa kabla ya noti ambao ndio uhai wa ala hiyo. Baya zaidi ni mwisho. Tango huishia kwa mapigo mawili, na la pili mara nyingi ni laini. Chujio lenu limelidhania kelele likalizima. Wachezaji husubiri pigo hilo ndipo wasimame. Hapa wanabaki mguu hewani.

Jalada linamtaja Alberto Marino kuwa mwimbaji na Homero Manzi kuwa mtunzi wa maneno. Mwimbaji ni Fiorentino, mtunzi wa maneno ni Enrique Cadícamo. Marino aliimba na okestra hiyohiyo, ndiyo maana kosa hili litaenea haraka lisiposahihishwa.

Tunataka kazi irudiwe kutoka kwenye santuri safi, kwa kuwa mabamba asilia mengi ya kuchapia santuri ya kampuni ya RCA Victor ya Argentina hayapo tena. Ichezwe kwa sindano sahihi, na njia mbili za sauti ziunganishwe kuwa moja, maana kelele nyingi za wima, za sindano kupanda na kushuka, hufutika hapo bila chujio lolote. Ikiwa santuri hiyo hamnayo tena, basi punguzeni kasi ya faili kwa asilimia 3.7, muda na kimo cha sauti vishuke pamoja. Programu ya kurefusha muda peke yake huichafua piano. Acheni mchakacho kidogo ubaki, na sekunde 2 za kimya baada ya pigo la mwisho.

Waliokwisha kununua wapewe nakala mpya bila malipo, au warudishiwe fedha. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30.

Wenu,
Wanunuzi wa CD hiyo