Kaka, msomee Ba'mdogo yote

Kaka, shikamoo.

Nawasalimu wote, Mama akiwa wa kwanza. Mguu wake vipi? Usinijibu "hajambo" tu, niambie anatembea hadi wapi.

Nimeamua kuandika kwa sababu ile sauti ya Ba'mdogo kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza mara tatu na bado inanichoma. Eti nimevuka bahari kuja kusukuma vigari visivyo na bodi, mchezo wa watoto, na sasa nimemharibu na Dogo. Nimenyamaza wiki mbili. Sasa naomba umsomee barua hii mbele ya Mama, usiruke hata penye spana. Asipoelewa mweleze wewe, maana wewe ndiye uliyenishikisha spana.

Hela ya bati imetoka Ijumaa, kwa namba ya Mama Rehema kama mlivyokubaliana. Ile aliyoomba Dogo ya kununua gari sijatuma, na sababu ataisikia humu humu.

Gari mliyoiona kwenye picha, iko juu ya stendi na utumbo wake umetandazwa chini, haikupata ajali. Hivyo ndivyo inavyokaa saa nyingi kuliko inavyokaa barabarani. Ni Formula Ford 1600: fremu ya mabomba ya chuma, magurudumu manne yako nje, kiti kimoja, injini nyuma ya mgongo wa dereva. Injini ni ile Kent ya Ford, ujazo wa sentimita 1599 (cc), kabureta moja ya Weber, silinda zinachoma kwa mfuatano wa 1-2-4-3. Hakuna mabawa ya kuikandamiza chini, na tairi ni zenye vijia, jua na mvua ni zile zile. Bila dereva haifiki hata kilo 500. Kanuni zimebana karibu kila kitu, kwa hiyo anayemshinda mwenzake anamshinda kwa mikono ya dereva na mikono ya fundi. Mbio za kwanza kabisa za aina hii zilifanyika tarehe 2 Julai 1967 hapa hapa Uingereza, kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch tulipokuwa wikiendi iliyopita. Ayrton Senna, yule Mbrazili aliyekuja kuwa bingwa wa Formula One, alipokuja Uingereza mwaka 1981, mbio zake za kwanza za magari zilikuwa kwenye njia hii, kwa gari la aina hii, akamaliza wa 5. Ba'mdogo anamjua Senna. Alikuwa na picha yake ukutani.

Wanaokimbia nasi hawalipwi hata senti. Dereva wetu ni mwalimu wa hesabu, Jumatatu asubuhi yuko darasani. Lakini ukaguzi hauulizi kama wewe ni wa kulipwa au wa kujitolea. Jumamosi alfajiri unajiandikisha, halafu mkaguzi anakuja. Anashika gurudumu juu na chini, analitikisa asikie kama beringi ina mchezo. Anakanyaga pedali ya mafuta na kuiachia ghafla, aone kama koo la kabureta linajifunga lenyewe. Anatazama mikanda, betri kama imefungwa isiruke, taa nyekundu ya mvua nyuma, swichi ya kukata umeme iliyo nje yenye alama ya radi ndani ya pembetatu ya buluu, na kamba ya kizimamoto yenye herufi E nyekundu. Anakagua helmeti, ovaroli na kile kifaa cha shingo kinachoishika helmeti isirushwe mbele gari likigonga. Kisha kelele za ekzosi zinapimwa kwa mita. Gari letu alilizunguka, akabandika stika, akaondoka bila neno. Kaka, mkaguzi kuondoka bila neno ni sifa kubwa kuliko kombe. Gari la jirani yetu lilirudishwa kwa nati moja ya stelingi iliyokosa pini.

Lakini kazi yenyewe ilishaanza Ijumaa jioni, na hapa nataka umsomee polepole.

Tunatafuta sehemu iliyo tambarare kabisa. Dereva anakaa ndani na nguo zake zote, kwa sababu uzito wake unabadilisha kila kipimo. Tunafunga nyuzi mbili za kuvulia samaki, moja kila upande, zikienda sambamba na katikati ya gari kwa urefu wa kitovu cha gurudumu. Kisha kwa rula ya chuma unapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya gurudumu hilo hilo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inakuambia gurudumu linatazama wapi. Nyuma tunataka yachungulie ndani, milimita moja kila upande. Mbele tunayaacha yatazame nje kidogo sana ili pua iingie kwenye kona bila kugoma. Ukiugusa uzi kwa kiwiko, unaanza upya. Gurudumu moja la nyuma likitazama nje hata kwa unene wa ukucha, dereva akikanyaga breki pale Paddock Hill, kona ya kulia inayodondoka kama mtu kateleza kwenye ngazi, mkia unampita. Hapo hakuna ufundi wa usukani utakaomwokoa.

Baada ya uzi ni mizani minne, kila gurudumu juu ya yake. Fikiria kigoda cha miguu minne chenye mguu mmoja mrefu: uzito wote unakwenda kwenye mguu ule na mwenzake wa mshazari. Gari ni hivyo hivyo. Ukikaza kiti cha springi ya mbele kushoto, unaongeza uzito pale na nyuma kulia, na unapunguza pembe mbili zilizobaki. Tunajumlisha mshazari mmoja na kuutafuta ufike nusu ya uzito wote. Ukikosea, gari linageuka vizuri kulia na kugoma kushoto, na dereva atalaumu tairi siku nzima. Kila ukigusa springi, unalisukuma gari mbele na nyuma likae sawa, ndipo unasoma tena. Tulimaliza saa nne usiku kwa taa ya kichwani. Baridi ilikuwepo, tuiache.

Jumamosi, mazoezi ya kupanga nafasi ni dakika 15 tu. Njia fupi ya Brands Hatch ni maili 1.2 hivi, mzunguko mmoja ni kama sekunde 50, kwa hiyo hakuna muda wa kujaribu hiki na kile. Dereva akarudi akionyesha vidole vitatu: gia ya 3 inaruka. Akitoka kwenye kona ya Graham Hill na kukanyaga mafuta, lever inajirudisha katikati. Nafasi ya 19 kati ya magari 26.

Sasa Ba'mdogo asikilize huu mchezo wa watoto. Gia boksi ni ya kampuni ya Hewland, gia nne, kizazi cha ganda la Volkswagen ya mgongo wa kobe. Uzuri wake ni kwamba gia zinatoka kwa nyuma, bila kulishusha boksi. Unamwaga oili na kutazama sumaku ya bolti ya chini. Unga laini kama grisi ya kijivu ni kawaida, chenga zenye kona ni habari mbaya. Zetu zilikuwa na kona. Unafungua kifuniko cha nyuma, unachomoa fimbo ya kubadilishia, halafu unaingiza gia mbili kwa pamoja ili shafti zijifunge, ndipo nati kubwa ya pinioni inakubali kulegea. Gia unazitunga kwenye fimbo kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, uso ule ule mbele. Ukizitupa kwenye karai utazirudisha kinyume.

Tatizo lilikuwa kwenye ringi ya meno. Boksi hili halina sinkronaizi, ile ringi inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia; gia inakamatwa na meno manene yanayoingiliana. Kuta za meno hayo hazikuchongwa wima, zimelazwa kidogo kwa ndani, ili injini ikivuta zizidi kukumbatiana. Kona zake zikishaliwa, mvuto ule ule unazisukuma zitoke. Na ringi hii mwenye gari aliuziwa msimu huu huu kama nzima. Nilipoielekeza kwenye mwanga niliona mikwaruzo ya tupa: mtu alikuwa ameyasugua meno yaliyochoka yaonekane mapya, akapaka oili, akauza. Kaka, hilo limeniuma kuliko maneno ya nyumbani. Anayefanya hivyo anajua kuna mtu atakalia gari lile.

Kubadilisha ringi peke yake hakutoshi, wengi wanaishia hapo na gia inaruka tena. Lazima utazame na uma unaoisukuma. Uma ukiwa umekazwa nje ya mahali pake, meno yanashikana kwa ncha tu na ringi mpya inakufa kwa mizunguko kumi. Niliingiza gia ya 3, nikatazama ringi imeingia hadi ndani, nikalegeza uma, nikausogeza, nikaukaza, nikafanya hivyo upande wa gia ya 4, kisha nikarudi ya 3. Nikaondoa zile gia mbili za kufungia, nikazungusha shafti kwa mkono kwenye kila gia, gasketi mpya, oili mpya. Saa moja na dakika kumi kutoka jeki hadi jeki. Mbio zilikuwa saa nane. Nilipotoka chini ya gari waliokuwa wamesimama pembeni walipiga makofi, na mzee mmoja anayekimbia na gari lake mwenyewe tangu ujana akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia: kwa kaka yangu, chini ya mwembe.

Mbio za kwanza alitoka 19 hadi 11. Gia haikuruka hata mara moja.

Jumapili ikanyesha. Mvua tunaipitia haraka: unapeleka nguvu ya breki nyuma kwa kuzungusha ile fimbo ya mizani katikati ya masta silinda mbili za breki, moja ya mbele na moja ya nyuma, kwa sababu kwenye maji gari haliinami mbele sana na magurudumu ya mbele yangejifunga. Unalegeza springi. Unawasha taa nyekundu. Na unaifunika distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, maana kwenye Kent imekaa ubavuni mwa injini, maji yakiingia inakatakata kama mtu mwenye kwikwi.

Hatari ya magurudumu yaliyo nje ndiyo namwomba Mama asiisikilize, mpeleke jikoni kidogo. Uso wa nyuma wa gurudumu linalokwenda mbele unapanda juu. Anayefuata akiligusa kwa gurudumu lake la mbele, linamnyanyua na kumrusha. Ndiyo maana hapa hakuna kusukumana kama magari yenye bodi. Ukiingiza gurudumu katikati ya magurudumu ya mwenzako, wote mnajua nani ataumia. Madereva wazuri wanaachiana upana wa gari moja hata wakiwa wanachukiana. Jumapili wawili waligusana Druids, ile kona kali ya juu ya kilima, wishiboni, mkono unaoshika gurudumu, ikakunjika kama waya, bendera nyekundu ikatoka, wote wakashuka kwa miguu yao. Wanaosimama kwenye mvua na bendera siku nzima ni watu wa kujitolea. Nawaheshimu sana wale.

Mbio zikaanzishwa upya. Tulimaliza wa 7. Wa 7, Kaka, kwa gari lililoanza wikiendi bila gia ya 3. Picha nimekutumia, ile ya dereva ameshika gia ya zamani mkononi.

Sasa Dogo. Asinunue gari. Kwa hapa, mtu anafanya mtihani wa darasani ambao maswali ya bendera hayaruhusu kukosa hata moja, halafu anaendesha na mwalimu pembeni. Akipata leseni, gari lake linabandikwa nyuma msalaba mweusi juu ya njano, kila mtu ajue ni mgeni, hadi akusanye saini za mbio alizomaliza kwa usafi. Hakuna hata hatua moja hapo inayoanza na kununua gari. Aje kwako gereji mwaka mmoja. Mfundishe kutoa upepo kwenye breki hadi pedali isimame juu kama jiwe. Mfundishe kuweka alama ya rangi kwenye kila nati aliyoikaza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ili akipita kwa jicho aone ipi imezunguka. Akiweza hayo bila kukumbushwa, anipigie, nauli ya kujaribu leseni ni juu yangu. Hilo nalisema mbele yenu wote.

Kwenye mzigo wa Mama Rehema kuna kiboksi cha bati chenye mkanda wa buluu, ni chako. Ndani kuna fila geji mpya, rula ya chuma ya nusu mita, na uzi wa kuvulia samaki. Ile ringi iliyosuguliwa tupa nimeiweka pia. Iweke mezani mbele ya Ba'mdogo, umwambie apitishe kidole kwenye meno yale. Kisha anitumie sauti nyingine, nitaisikiliza hadi mwisho.

Nimewakumbuka mno. Jumapili usiku tukipakia gari, harufu ya oili na udongo uliolowa ilinirudisha gereji kabisa, nikakaa kwenye ngazi ya trela hadi wenzangu wakaniita.

Mdogo wako