Pishi Yangu Moja

Idi Mubarak nyote. Mwezi umeandama, Ramadhani imetuaga, leo Mfunguo Mosi. Salamu ziwafikie mliofunga zote, mnaodaiwa za kulipa, wagonjwa, wasafiri, na nyinyi makobe mliokula mchana kwa siri pia, mnajijua.

Naandika nimekaa kibaraza cha jikoni. Mkono wa kulia unanuka samli, wa kushoto una hina iliyoshika nusu, maana niliikosha kabla ya wakati wake nikaitwa kulipiga bokoboko, ule mseto mzito wa ngano na nyama. Anayelijua bokoboko anajua kwamba halingoji mtu akauke hina.

Jambo ninalotaka kuwaambia lilianza jana usiku. Mwezi ulipotangazwa, baba alitandika mkeka ukumbini, akaburura gunia la mchele, akaitoa ile pishi ya bati, kipimo alichoachiwa na babu. Fitri, zaka ya kumalizia Ramadhani, inatolewa pishi moja ya chakula cha watu wa mji kwa kila kichwa, kama kilo 2.5 hivi, na imfikie mwenye haki yake kabla ya sala ya Idi. Baba anajaza, anaupitisha mdomo wa pishi kwa kiganja mpaka usawazike, anataja jina, anamimina kwenye beseni. Akamtaja bibi. Akamtaja mama. Akamtaja kaka. Akanitaja mimi. Wa mwisho alikuwa mdogo wetu aliyezaliwa Shaabani, ambaye hajafunga hata siku moja na kazi yake mwezi mzima ilikuwa kulia wakati wa tarawehe. Pishi yake ilijaa vile vile kama ya bibi. Tuko tisa, zikatoka pishi tisa.

Nimeliona jambo hili kila mwaka, ila jana ndiyo mara ya kwanza nilikaa nikalifikiria. Nyumbani kwetu yakianza maneno mazito, naambiwa nikatazame maji jikoni yasije yakakauka. Naenda, na maji yenyewe mara nyingi hayapo hata motoni. Lakini kwenye mkeka ule baba hawezi kuniruka. Akiniruka, fitri yake haijatimia.

Nimezaliwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1429, ikiwa Septemba 2008. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo kwa hesabu ya mwezi nimeshatimiza 18 wiki chache zilizopita, na kwa hesabu ya serikali bado nina 17. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaniita mtoto mpaka Septemba. Dini iliniita mtu mzima siku niliyovunja ungo. Tangu hapo kalamu inaniandikia, jema na baya. Nyumbani ndiyo sijui nihesabiwe vipi. Leo asubuhi mamkubwa alinitia noti ya elfu moja mkononi, "mkono wako wa Idi, mwanangu, ukanunue malai," na kabla sijaikunja akauliza, "Sasa pilau yako tutaila lini?" Mkono wa mtoto na pilau ya bibi harusi, kwa pumzi moja.

Kaka yangu ana 19. Alirudi kutoka sala, akala, akalala na kanzu yake. Hakuna aliyemuuliza pilau. Nilipotaka aamshwe anisaidie sufuria, niliambiwa, "Muache, huyo bado mtoto." Mimi nilianza kubebeshwa wadogo zangu kiunoni nikiwa na miaka tisa. Sisemi kwa uchungu (nasema kwa uchungu kidogo), ila tunapoambiwa vijana wawajibike, mtu aangalie kwanza mzigo umekaa kichwani mwa nani.

Maana kuambiwa tunaambiwa. Kila Idi spika zinatutaja: vijana na simu, vijana na mavazi, vijana na maskani, vijana na unga wa kulevya. Mengine ni kweli. Yuko mmoja mtaani kwetu, mkubwa wangu kwa miaka miwili, aliyekuwa akizunguka nasi kupeleka fitri na vifuko vyetu vya plastiki. Leo nimempita amekaa chini ya ukuta, kavaa fulana ile ile ya juzi, anasinzia saa nne ya asubuhi ya Idi. Nikamwambia Idi njema. Alifumbua macho akanitaja jina. Sasa mimi nauliza, unga aliuleta nani? Hakuna mtoto wa miaka 16 mwenye jahazi. Lakini lawama, hiyo tunagaiwa sote sawasawa, kila kichwa pishi yake.

Mwalimu wetu wa uraia aliwahi kutusomea kifungu cha 31 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ule wa 1990. Tulitarajia haki, tukakuta wajibu: kuilinda familia isisambaratike, kuwaheshimu wazazi na wakubwa, kuitumikia jamii kwa nguvu za mwili na za akili. Darasa zima likacheka, kumbe hata huko walikoandika wamewahi kumsikia mama. Baadaye likanikaa. Nguvu za mwili zinatumika, ulizeni hii sufuria. Za akili bado sijaombwa.

Basi jana baba alinipa pishi mbili nimpelekee bibi mmoja wa mtaa wa pili, haoni vizuri. Njiani nilikuwa naitengeneza picha yangu ya Idi kwenye simu, ile inayokupunguza pua na kukung'arisha uso. Nikamtumia ami yangu Muscat. Akajibu, "Mashallah, mzuri. Nani huyu?" Nikacheka peke yangu barabarani, lakini swali lilinichoma. Mama yangu ni wa Wete. Nikienda Wete naitwa Muunguja, nikirudi mjini naitwa Mpemba, na sasa hata ami hanijui.

Nikabisha hodi. "Karibu. Nani?" Nikamtaja baba, kama tulivyofundishwa, mtoto wa fulani. Bibi akasema, "Baba yako namjua tangu hajatahiriwa. Nimekuuliza nani wewe?" Nikamwambia jina langu. Akalirudia mara mbili, taratibu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Halafu akaipokea fitri, akaomba dua, na katika dua akanitaja mimi, si baba. Nilirudi nyumbani ile picha nimeshaifuta.

Salamu zangu basi kwa wenzangu wa kidato cha nne, mtihani uko mbele, leo tuusahau. Kwa wasichana wote walio jikoni saa hizi. Kwa yule wa chini ya ukuta, aliyenikumbuka jina. Kwa jamaa wa Muscat, kullu aam wa antum bikheir, picha ya kweli inakuja. Alasiri nawapeleka wadogo zangu Kariakoo ya hapa Unguja kwenye mapembea, na nimeshahesabu: wanne kwenda, wanne kurudi.

Na mnaotaka kunipa mkono wa Idi msione haya. Kisheria naupokea mpaka Septemba.